Uzi maalumu: Kukata, kuchanja na kupanga kuni nyumbani kabla ya masika (Tanga na mwambao wote)

Mpishi wa Pongwe

Assalaam alaykum, na habari zenu ndugu zangu wote.

Masika yanabisha hodi, na kila mwaka wakati kama huu naona jambo lilelile mitaani kwetu. Mti unaangushwa, magogo yanaegemezwa ukutani, yanafunikwa turubai gubigubi, halafu ikifika Aprili watu wanapuliza moto mpaka macho yanavimba. Lawama anatupiwa mti. Utasikia mwembe huu una moshi, mwarobaini huu hauwaki. Mimi kazi yangu ni upishi wa shughuli hapa Tanga: harusi, maulidi, hitima. Nimepikia kuni za kila namna na nasema kwa uhakika kwamba moshi mwingi unaotutoa machozi jikoni hauletwi na aina ya mti. Unaletwa na maji yaliyomo ndani ya kuni, na maji hayo hayaondoki kwa kungoja tu. Yanaondoka ukikata vifupi, ukachanja mapema na ukapanga upepo upite.

Tuanze na maji yenyewe. Mti mbichi unaweza kuwa na maji nusu ya uzito wake. Chukua gogo la kilo 10 lililokatwa leo, kilo 5 humo ni maji. Likikauka mpaka maji yabaki sehemu moja kwa tano ya uzito, litapima kilo 6 na robo. Hizo karibu kilo 4 zilizopungua ndizo ambazo moto wako ungelazimika kuzigeuza mvuke kabla wali haujapata kitu. Na kugeuza maji mvuke ni kazi nzito: kuichemsha lita moja mpaka ianze kutokota ni jambo dogo, lakini kuikausha yote sufuria ibaki tupu kunakula joto zaidi ya mara saba ya lile la kwanza. Kuni mbichi inaifanya kazi hiyo ya pili mafigani kwako tangu unapokoka.

Lakini joto linalopotea hivyo si baya kuliko yote. Ukuni ukishika moto hauungui moja kwa moja. Kwanza unatoa hewa nzito yenye lami, na hewa hiyo ndiyo inayowaka ikawa ndimi za moto. Mafiga yakiwa yamepozwa na maji, ile hewa inapita juu bila kuwaka. Huo ndio moshi, na ndio unaoganda kwenye sufuria na kwenye kenchi la jiko, na ndio unaoingia vifuani mwa mama zetu na watoto waliobebwa mgongoni. Kwa hiyo mtu anayechoma kuni mbichi anapoteza mara mbili: joto limekwenda kwenye maji, na sehemu ya kuni yenyewe imepaa bila kumpikia.

Sasa kukata. Maji hutoka upesi sana kwenye ncha zilizokatwa kuliko ubavuni, kwa sababu mishipa ya mti inakwenda kwa urefu. Gamba nalo linazuia. Ndiyo maana gogo la mita mbili lenye gamba lake linaweza kukaa uani mwaka mzima, ukilipasua unakuta ndani bado linang'aa kwa umajimaji. Mimi nakata vipande vya sentimita 40 hadi 50 kwa mafiga ya shughuli, na vya 30 kwa jiko banifu la nyumbani. Halafu vinachanjwa siku ileile au kesho yake, unene wa kifundo cha mkono kwa mapishi ya kawaida. Vinene vichache, kama paja la mtoto, nabakiza kwa sufuria kubwa za pilau.

Wakati mzuri wa kazi hii kwetu ni vuli ikishaisha, Desemba mwishoni na Januari, ili kaskazi ikute kuni zimeshapangwa. Kaskazi ni ya joto na inavuma siku baada ya siku mpaka Machi. Kuni za miti myepesi zilizochanjwa nyembamba zinafaa kupikia baada ya miezi miwili mitatu. Miti migumu kama mkwaju na mvinje ipe miezi sita au zaidi, maana yake uikate mwaka huu kwa ajili ya vuli ijayo.

Kupanga nako ni kazi. Weka matofali chini, juu yake lalisha miti miwili mirefu sambamba, ndipo uanze kupanga kuni zikikatiza juu ya ile miti. Zisiguse udongo. Ncha mbili za safu zijenge kwa kupishanisha, tabaka moja huku na jingine kule, zisimame kama nguzo na kubana zile za katikati. Usipite kimo cha kifua. Safu moja moja ni bora kuliko rundo, na ikiwezekana ilale mashariki kwenda magharibi ili kaskazi ipige uso mmoja na kusi ipige wa pili. Juu weka bati au makuti yaliyotokeza pande zote. Ubavu acha wazi kabisa. Turubai likifunika mpaka chini, unyevu unaotoka kwenye kuni unagonga turubai na kurudi humohumo, na baada ya muda utaona ukungu mweupe.

Naomba wenye ujuzi wa mashoka na wanaojua miti kunizidi waongeze. Nawasilisha.

Kijana wa Makorora

Dada shukrani sana kwa uzi huu. Mimi nina swali la kuchanja. Tumeangusha mwarobaini nyumbani, shina lake pana. Shoka linaingia kidogo halafu linang'ang'ania, kulitoa ni shughuli nyingine. Shoka tumelinoa hadi linanyoa. Tatizo nini?

Fundi Mipini

Kijana, tatizo ni hilohilo la kunyoa. Shoka la kukatia na shoka la kuchanjia ni vitu viwili. La kukatia ni jembamba, linakata nyuzi kwa kukingama. La kuchanjia lazima liwe nene mashavuni, kazi yake si kukata bali kutanua. Likiwa jembamba linazama na mbao inalibana pande zote mbili. Hata lile shoka letu la kienyeji, ambalo chuma kinapenya kwenye kichwa cha mpini, ni zuri sana kwa matawi na kuangushia, ila kwa shina pana linakutesa na mpini unapasuka kichwani.

Kwa shina kama hilo tafuta kabari mbili za chuma na nyundo kubwa ya kilo 4 au 5. Usianzie katikati. Tazama uso wa gogo uliokatwa, utaona nyufa ndogo zinazotoka kiini kwenda nje, hizo ndizo njia ambazo mti wenyewe umeshazifungua. Anza pembeni, karibu na gamba, ukimenya mabanzi kuzunguka, mpaka kibaki kiini chembamba. Kabari ya kwanza ikikwama, ya pili inaigongea njia mbele yake. Kama gogo lina fundo la tawi, geuza, fundo likae chini na wewe upige upande ulio safi.

Na jambo la kushika sana: usigongee kabari ya chuma kwa kisogo cha shoka, wala usipige kisogo cha shoka kwa nyundo. Chuma kinameguka na kipande kinaruka kama risasi. Jicho halina spea. Vaa miwani ya kukinga macho, hata ya bei ndogo.

Mwarobaini nyuzi zake zimesukana, hauchaniki kwa unyoofu. Uchanje ungali mbichi. Ukiuacha ukauke na upana wake, utalia nao.

Kijana wa Makorora

Shikamoo mzee. Nimekuelewa vizuri. Na mpini? Sisi wetu umelegea, wenzangu wanasema niuloweke shoka zima usiku kucha.

Fundi Mipini

Marahaba mwanangu. Ukiuloweka utabana kesho, keshokutwa kaskazi itaukausha tena na utalegea kuliko mwanzo, kwa sababu mbao iliyovimba ndani ya chuma inajibonda. Toa kichwa, chonga upya, urudishe, halafu pigilia kabari ndogo ya mti mgumu juu kwenye ufa wa mpini. Mti wa mpini mimi napenda mpera, mgumu lakini una mnyumbuko, hauumi kiganja. Chagua ambao nyuzi zake zinakwenda sawa kutoka kichwa hadi mkiani. Nyuzi zikikatiza upande, utavunjika hapohapo zinapokatiza.

Kusimama: gogo la kuchanjia liwe chini kidogo ya goti na liwe pana. Ukuni uweke ukingo wa mbali, si karibu yako, ili ukikosa, shoka lizame kwenye gogo lisije mguuni. Miguu sambamba, usitangulize mmoja. Ukishusha shoka, kunja magoti pamoja nalo. Na kama una tairi kuukuu la gari dogo, lilaze juu ya gogo, simamisha vipande ndani yake. Unachanja ukizunguka, vipande vinabaki ndani ya tairi, haviruki kwenda kwa watoto na huinami kuokota kila pigo. Vijana wengi hapa Muheza nimewaonyesha na hawajarudi nyuma.

Mama Chumbageni

Mpishi, mashallah, umeeleza vizuri. Mimi naongeza upande wa uani, maana nyumba zetu za mjini nafasi ni ndogo na watu wanaona raha kuziegemeza ukutani. Acheni nafasi ya kupitisha mkono baina ya kuni na ukuta, ikiwezekana zaidi. Mchwa anapanda kwenye kuni zinazogusa udongo, anahamia ukutani ndani ya kile kijia chake cha udongo, na mwisho yuko kwenye kenchi. Kila wiki pitisha macho nyuma ya safu, ukiona kile kijia kivunje.

Watu wanapaka oili chafu kwenye miti ya chini kuzuia mchwa. Ile miti miwili ya kulalia, sawa, lakini msije mkaipikia baadaye. Na kuni zenyewe zisiguswe na oili hata tone.

Jambo la pili ni nge na tandu. Wanapenda mno penye giza na unyevu kidogo. Kuni zitolewe kutoka juu kushuka, si kuchomoa katikati. Gonga kwanza kwa fimbo, na watoto wasitumwe kuleta kuni usiku bila taa. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu ndio wanaotumwa kila siku.

Mwana wa Dunda

Salamu kutoka Bagamoyo. Shangazi yangu anakaanga samaki hapa sokoni, moto unawaka kuanzia asubuhi. Sasa kuna mtu anatuuzia mbao za jahazi kuukuu na ngalawa zilizovunjwa, kavu kabisa, bei nafuu. Zinawaka haraka ajabu. Mpishi na wengine, mnaonaje, zinafaa?

Mpishi wa Pongwe

Kaka yangu, kwa kukaanga chakula cha watu naomba mziache. Nimekutana na mbao hizo pia huku kwetu, na ukavu wake unashawishi kweli. Lakini mbao iliyokaa baharini imelewa chumvi. Ikiungua, chumvi ile inatoka na moshi, inakula bati la jiko na kitako cha karai, na inazalisha sumu ambazo mbao ya nchi kavu haizitoi. Halafu chombo cha baharini kimepakwa sifa, yaani mafuta ya papa, kimepakwa shahamu na chokaa chini, na siku hizi rangi za dukani juu ya rangi. Na misumari! Shoka likikutana na msumari wa jahazi, ukingo unapata pengo la kunoa siku nzima.

Na hapohapo nitaje mbao zilizotiwa dawa, zile za kenchi zenye rangi ya kijani kijani, na vipande vya nguzo. Mabaki ya ujenzi huwa yanapelekwa jikoni bila kufikiri. Dawa ya mbao hizo nyingi ina arseniki. Haiungui ikaisha, inabaki kwenye jivu na nyingine inapaa. Jivu hilo likimwagwa kwenye mchicha, ndiyo imeingia shambani. Mbao hizo zisichomwe kabisa, si jikoni wala kwenye moto wa takataka.

Shangazi mpe salamu zangu. Kwa kukaanga samaki anahitaji mwali mkubwa wa kudumu. Mabanzi ya kiwandani, yaani yale maganda yanayobaki mbao zikipasuliwa, yanamfaa vizuri sana, ilimradi yawe ya mbao isiyo na dawa na yamekauka. Huku tunapata ya mtiki kutoka Muheza. Ni membamba, yanakauka haraka.

Mdau wa Raskazone

Nasoma kwa heshima zote, lakini nauliza: bado tuna sababu ya kuhangaika na kuni? Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Gesi ipo, umeme upo. Hatuoni kwamba uzi kama huu unawarudisha watu nyuma?

Mpishi wa Pongwe

Swali la haki, na nalijibu kwa moyo wote. Nyumbani kwangu chai na mboga ni gesi. Ningependa kila mama Tanga awe nayo leo, si 2034. Lakini mtungi ukiisha tarehe 20 na mshahara ni tarehe 30, jiko linarudi kwenye mafiga, na katika kaya nyingi ninazoingia kupika, gesi na kuni na mkaa vyote vipo nyumba moja. Maharage yanayochemka muda wa saa tatu watu wanaogopa kuyaweka kwenye gesi. Na shughuli ya watu mia tano hapa kwetu bado inapikwa kwa kuni. Maadamu mtu anachoma kuni kesho asubuhi, basi achome kavu. Anapunguza kuni, anapunguza moshi, anapunguza miti inayokatwa. Hayo hayagombani na gesi hata kidogo.

Na kwa kuwa nimetaja shughuli, niseme linalonigusa zaidi, maana hapa ndipo aina ya mti inapohesabika kweli. Pilau halihitaji moto wa namna moja. Kukaanga vitunguu mpaka vikolee na kuchemsha supu ya nyama kunataka mwali mkali, hapo mwembe, mfenesi au mabanzi vinatosha, vinawaka haraka. Mchele ukishaingia na maji yakaribie kukauka, mwali unakuwa adui. Unavuta kuni nje, unabakiza makaa chini, unapalia makaa juu ya kifuniko. Na hayo makaa yanatoka wapi? Kwenye kuni zilezile. Miti myepesi inaacha jivu, haikuachii makaa ya kupalia. Mkwaju unaacha makaa mazito yanayodumu. Mvinje vilevile, na unawaka kwa joto kali. Kwa hiyo ninapopanga kuni za shughuli nachanganya: theluthi mbili nyepesi, theluthi moja mkwaju au mvinje, na hizo ngumu naziingiza mapema, wakati supu bado inachemka, ili makaa yawe tayari kwa wakati wa mchele. Mpishi asiyepanga hivyo atakimbia kununua mkaa wa gunia saa sita mchana, na pilau limeshaanza kushika chini.

Mnazi? Shina lake usihangaike kulichanja, ni nyuzi tupu, shoka linadunda, na ukilikausha lote linawaka hovyo. Lakini mnazi unatupa vitu bora kuliko shina: kuti kavu la kukokea, kifuu chenye moto mkali na makaa mazuri, na makumbi yanayoungua polepole, ya kutunza moto usizimike. Kifuu kimoja kilichovunjwa vipande vitatu kinakoka mafiga bila mafuta ya taa. Mafuta ya taa yaacheni, harufu yake inaingia kwenye wali.

Mama Chumbageni

Makumbi nayaunga mkono. Na mwembe je? Mimi ukinifukiza kidogo tu, uso unawasha.

Mpishi wa Pongwe

Si wewe peke yako mama. Utomvu wa mwembe unawasha ngozi ya baadhi ya watu, na moshi wake unaweza kuwafanyia hivyohivyo, hasa ukiwa mbichi. Mwembe na mkorosho ni ndugu wa ukoo mmoja. Maganda ya korosho ndiyo mabaya zaidi, mafuta yake yanababua ngozi na moshi wake unachoma macho, wala yasitumike kukokea jikoni. Ngozi yako ikikataa mwembe, usiutumie hata ukikauka.

Na mnyaa wa ua, ule wenye maziwa, usiguswe. Maziwa yake yakiingia jichoni ni hatari ya upofu. Ukikata ua wenye mnyaa ukachanganyika na kuni bila kujua, toa vyote kimoja kimoja ukiwa umevaa glavu na umefunika macho.

Mzigua Halisi

Nimechelewa kidogo. Mimi natokea Handeni na nimesafirisha kuni miaka mingi, nazungumzia sheria maana wengi wanaingia matatani bila kujua. Kuni ni zao la msitu. Sheria ya Misitu ya 2002 inahusika, na wasimamizi ni TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, pamoja na halmashauri. Ukipakia kuni kwenye Kirikuu au Fuso ukazitoa wilaya moja kwenda nyingine kuuza, unahitaji kibali na hati ya kusafirishia. Kwenye kizuizi huwezi kujieleza kwa maneno matupu. Hata mti wa kwako uani, kabla ya kuleta msumeno wa mnyororo, pita kwanza serikali ya mtaa au ofisi ya misitu ya wilaya uulize utaratibu. Na mwenye msumeno huo awe amesajiliwa, muulize kabla hujamlipa.

Mikoko ni habari nyingine kabisa. Najua kuni za mikoko zina moto mzuri na watu wa pwani tumekua nazo. Misitu ya mikoko ni hifadhi. Ukiukata pale Sahare au Tongoni unafungua njia kwa bahari kula nchi kavu, na unaondoa malezi ya kamba na samaki wanaoliwa na mji mzima. Mtu akikuletea tita la mikoko, usinunue.

Juu ya msumeno wa mnyororo wenyewe: gogo liinuliwe juu ya vigogo viwili, usikatie mchangani, maana mnyororo ukigusa mchanga mara moja tu makali yamekwenda. Ncha ya mbele ya upanga wake isiguse kitu chochote, hapo ndipo mashine inaruka kumrudia mshikaji usoni. Watu wote wakae mbali, pamoja na wale wanaopenda kushikilia gogo kwa mguu.

Kijana wa Makorora

Nimefuata mafundisho ya Mzee Fundi, mwarobaini wote umeshachanjwa na tairi limefanya kazi kweli. Tumepanga safu mbili, matofali chini, bati juu. Swali langu la mwisho dada: nitajuaje zimekauka? Kuna anayesema ukigonga zinalia, kuna anayesema ukiona nyufa kwenye ncha tayari.

Mpishi wa Pongwe

Hongera sana mdogo wangu, na msalimie mzee nyumbani.

Yote mawili yana ukweli lakini hayatoshi. Ukigonganisha kuni mbili kavu zinatoa mlio mkali wa juu, mbichi zinatoa mlio wa kufa. Nyufa kwenye ncha zinaonyesha kwamba nje kumekauka, ndani bado hujui, kwa sababu ncha ndiyo inayotangulia kukauka. Ukitaka kuhakikisha kwa mkono, chukua ukuni mnene kuliko wote kwenye safu, uchanje katikati, kisha weka kiganja au shavu kwenye uso mpya uliofunguka. Ukihisi ubaridi na unyevunyevu, bado. Gamba nalo kwenye kuni kavu linabanduka kwa kidole.

Njia ninayoiamini zaidi ni mizani. Azima ile ya kuning'iniza inayotumiwa na wauza samaki. Chagua kuni tatu: moja kutoka juu ya safu, moja katikati, moja chini karibu na miti ya kulalia. Zipime, andika uzito kwa chaki kwenye ncha ya kila moja, rudisha kila moja mahali pake palepale. Kila Ijumaa zipime tena. Mwanzoni uzito utashuka upesi, halafu utashuka kidogo kidogo, mwisho utasimama. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, kwa hiyo ukuni hautaacha maji yote hata ukikaa miaka, lakini uzito ukisimama palepale Ijumaa mbili mfululizo bila mvua, umefika pa kufika hapa Tanga. Ile ya chini ndiyo itakayochelewa. Ikichelewa sana kuliko ya juu, ongeza tofali moja kila kona upepo upite chini.

Mwarobaini mlioukata sasa, kwa unene wa kifundo cha mkono, sitarajii usimame kabla ya masika kuanza. Msiuguse. Pikieni mabanzi au vifuu kwa sasa, huo uacheni chini ya bati lake mpaka masika yapite, mpime tena Agosti.

Kijana wa Makorora

Mizani tumepata kwa jirani anayeuza vibua. Tatu zimepimwa leo na chaki imeandikwa. Ya chini ndiyo nzito kuliko zote.